Kiungo kimeachia: kutafuta chanzo kwenye ribiti, skrubu, lehemu, gundi na pini

Kiungo kidogo cha metali kikiachia, mkono wa fundi hukimbilia msasa. Anasugua pande zote mbili, anapiga ribiti nyingine au anaongeza lehemu, kazi inaondoka, na baada ya muda inarudi na ugonjwa uleule. Hapa msasa utakaa pembeni kwanza. Chukua kioo cha kukuzia, laza taa ubavuni ili mwanga upite juu ya uso uliovunjika, kisha tazama vipande vyote viwili. Uso huo ndio shahidi pekee ulionao, na ukishausugua umemnyamazisha.

Unatafuta jibu la swali moja: kimeachia wapi hasa? Ribiti yenyewe imekatika, au bamba limechanika kuzunguka tundu? Lehemu imepasuka katikati na kubaki pande zote mbili, au imebanduka na kuacha upande mmoja msafi kabisa? Ikiwa kitu chenyewe kimekatika, kiungo kilikuwa kidogo kuliko mzigo. Ikiwa kimebanduka, kimechomoka au kimelegea kikiwa kizima, kosa lilifanyika kabla ya kuunga: kwenye tundu, kwenye usafi au kwenye mwanya kati ya vipande. Kwa sehemu ndogo za milimita chache, kundi hili la pili ndilo ninaloliona mara nyingi zaidi, na ndilo ambalo nguvu za ziada hazilitibu.

Ribiti ina kichwa kizuri lakini vipande vinacheza

Dalili hii hudanganya kuliko zote, kwa sababu kwa nje kazi inapendeza. Shika vipande viwili uvizungushe kidogo. Ukihisi vinateleza, usiongeze kipigo juu ya kichwa. Utakipasua tu, na kipigo hakitafika ndani. Afadhali uitoe. Piga alama katikati ya kichwa, toboa kwa biti nyembamba kidogo kuliko shina, ng'oa kichwa, kisha sukuma shina litoke zima ulisome.

Shina lenye pete iliyovimba katikati linaonyesha kwamba mabamba hayakuwa yamegusana ulipopiga. Metali ilikimbilia ule mwanya ikajaa humo, na sasa pete hiyo ndiyo inayoyatenga mabamba. Chanzo cha kawaida ni meno makali yanayobaki ukingoni mwa tundu baada ya kutoboa. Yaondoe kwa kushika biti kubwa kwa vidole na kuizungusha mdomoni mwa tundu, mzunguko mmoja au miwili tu. Ukichimba zaidi unatengeneza bonde litakalomeza ribiti badala ya kubanwa nayo. Halafu, kabla hujaanza kuunda kichwa, pitisha kipande kifupi cha bomba juu ya shina na ukigonge mpaka mabamba yakutane. Hatua hii inachukua muda mfupi sana, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Shina lililojipinda ndani ya tundu lina moja kati ya sababu mbili: tundu ni pana mno, au shina lilikuwa refu mno. Ribiti nzima (isiyo na tundu ndani) ya milimita 3 inataka tundu la milimita 3.1, au 3.2 kwa kazi isiyo na ukali. Likifika 3.5, shina litalala upande kabla ya kuvimba. Kuhusu urefu, sehemu inayojitokeza juu ya bamba iwe karibu mara moja na nusu ya kipenyo ukitaka kichwa cha mviringo, yaani milimita 4.5 kwa ribiti ya 3. Ukitaka kichwa kinachozama na kulingana na uso wa bamba, kipenyo kimoja au pungufu kidogo kinatosha. Anza kwenye kipande cha taka chenye unene uleule, kwa sababu kina cha mdomo uliotanuliwa hubadilisha hesabu.

Kichwa kikipasuka kwenye kingo kama ua lililochanua, metali imekakamaa kwa kipigo. Shaba nyekundu hulainishwa kwa kuipasha moto mpaka ionyeshe wekundu hafifu gizani. Baada ya hapo uizamishe majini au uiache ipoe yenyewe, laini inabaki laini. Alumini ni msumbufu zaidi, kwa kuwa haionyeshi wekundu wowote kabla ya kuyeyuka, na alumini halisi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za selsiasi. Mafundi wa mabamba hutumia sabuni ya kipande: sugua sabuni kavu juu ya alumini, pasha moto polepole kutoka upande wa nyuma, na utazame alama ya sabuni. Kwanza inageuka kahawia, kisha inaelekea weusi. Hapo ondoa moto mara moja. Ukingoja zaidi ya hapo, kipande kinaweza kuanguka mbele ya macho yako bila onyo lingine.

Idadi ya mapigo nayo ina maana. Mapigo machache mazito huvimbisha shina lote ndani ya tundu. Mapigo mengi mepesi hupanua ncha peke yake na kuikakamaza. Kwa hiyo fuawe ya chini iwe nzito na imara. Kupiga ribiti ndogo juu ya meza ya mbao inayoruka ni kupoteza nusu ya kila kipigo.

Na ikiwa ribiti iko salama lakini bamba limechanika kuelekea ukingoni, tundu lilikuwa karibu mno na ukingo. Acha angalau vipenyo viwili vya ribiti kutoka katikati ya tundu hadi ukingo, na vipenyo vitatu kati ya ribiti na ribiti.

Kiungo kinachotakiwa kuzunguka, kama bawaba au mkono wa kalipa, kina tatizo la kinyume: kimekaza hakiendi. Usikilegeze kwa kukigonga ubavuni. Kitoe, weka kipande cha karatasi nyembamba iliyolowa mafuta kati ya vipande, piga ribiti upya, kisha toa karatasi kwa kuichana au kuichoma. Nafasi inayobaki inalingana na unene wa karatasi, na ndiyo unayoihitaji.

Ribiti ya kuvuta inazunguka, au msumari wake umekatika mapema

Hizi ni zile zinazovutwa kwa bunduki ya mkono, ambazo msumari wa ndani hukatika kichwa cha nyuma kikishaundika. Ikiwa inazunguka ndani ya tundu, pima tundu kabla ya kuilaumu ribiti. Ya 3.2 inataka tundu la 3.3, ya 4 inataka 4.1, ya 4.8 inataka 4.9. Biti iliyonolewa vibaya hutoboa tundu pana kuliko namba iliyoandikwa juu yake, kwa hiyo pima tundu lenyewe kwa vernia (kipimio chenye taya), usisome biti.

Tundu likiwa sawa, angalia urefu. Kila ribiti ya kuvuta imeundwa kwa unene fulani wa mabamba, kuanzia kiasi fulani hadi kiasi fulani, na pakiti huandikwa. Fupi mno haina nyama ya kuunda kichwa cha nyuma. Ndefu mno huvimba mbali na bamba, msumari unakatika, na kiungo kinabaki kulegea ingawa umesikia ule mlio wa kukatika unaokupa matumaini.

Unapounga bamba jembamba au laini na jingine nene, weka ukosi wa ribiti (ule mdomo mpana wa mbele) upande wa lile jembamba. Ikiwa jambo hilo haliwezekani, tia washa (kipete bapa cha metali) upande wa nyuma, la sivyo kichwa kitazama ndani ya metali laini. Na ikiwa unataka kiungo kisichopitisha maji, kumbuka kwamba ribiti ya kawaida ya kuvuta ina tundu katikati. Hakuna bunduki itakayoliziba. Nunua aina iliyozibwa mwisho.

Skrubu inalegea yenyewe

Mwaka 1969 mhandisi Gerhard Junker alionyesha kwamba kinachofungua skrubu kwa kasi kuliko vyote ni mtikisiko wa ubavuni, ule unaovifanya vipande viwili viteleze kimoja juu ya kingine. Kila mtelezo huvunja misuguano ya hesi (mikato ya kuzunguka kwenye skrubu na ndani ya tundu) na ya kichwa kwa muda mfupi, na skrubu inajirudisha kidogo kidogo. Ndiyo maana dalili ya kwanza kutafuta ni mng'aro au unga mweusi kati ya nyuso zilizobanwa. Ukiuona, vipande vilikuwa vinateleza, na tatizo ni kwamba skrubu haikubana vya kutosha tangu mwanzo, au ilibana kitu kinachonywea: rangi nene, plastiki, karatasi ya kuzibia. Kwangua rangi chini ya kichwa, au ondoa kile kilaini, ukaze upya.

Washa ya springi haisaidii hapa kama watu wanavyodhani. Skrubu ikishakazwa sawasawa, washa hiyo imelala bapa na haina kazi tena. Skrubu ikilegea kiasi cha washa kuanza kusukuma, nguvu ya kubana imeshaondoka. Kinachosaidia ni nati yenye pete ya nailoni, pini mbili za kuzuia mtelezo, au gundi ya hesi.

Gundi ya hesi nayo ina tabia zake. Hukauka pale inapokosa hewa na kugusana na metali, ndiyo sababu huuzwa kwenye chupa iliyojaa nusu tu: hewa iliyobaki ndiyo inayoilinda isigande. Ukiipata bado majimaji kwenye hesi siku iliyofuata, tafuta mafuta yaliyobaki, au angalia kama skrubu ni stenlesi au imepakwa zinki. Metali hizo huichelewesha, na kuna dawa ya kuiamsha inayopuliziwa kabla. Gundi kali ikigoma kufunguka, pasha kichwa cha skrubu mpaka karibu nyuzi 250 na ufungue kikiwa bado cha moto. Usifanye hivyo karibu na plastiki wala ndani ya chumba kisicho na hewa.

Hesi imeng'oka

Tazama skrubu iliyotoka. Ikiwa imebeba uzi mwembamba wa metali uliojisokota katikati ya hesi zake, tundu ndilo lililoshindwa, na uzi huo ndio hesi ya tundu. Hutokea zaidi kwenye alumini na shaba njano. Sababu ya kwanza ni tundu lililotobolewa pana kabla ya kukata hesi. Kanuni ni kipenyo cha skrubu ukitoa hatua ya hesi, yaani umbali kutoka hesi moja hadi inayofuata: M2 (skrubu ya kipenyo cha milimita 2) inataka tundu la 1.6, M3 inataka 2.5, M4 inataka 3.3, M5 inataka 4.2. Kuna anayetoboa 2.7 kwa M3 ili tapu (kifaa cha kukatia hesi) ipite kwa urahisi. Inapita kweli, na hesi iliyobaki ni kama nusu ya kina chake.

Sababu ya pili ni kina cha kushikana. Ndani ya chuma, urefu wa hesi ulioingia ulingane na kipenyo cha skrubu. Ndani ya alumini uwe mara moja na nusu hadi mbili. Bamba la milimita 1 lina hesi mbili tu za M3, kwa kuwa hatua yake ni 0.5, na hesi mbili si za kutegemea. Hapo lehemu nati nyuma ya bamba, au tumia ribiti yenye hesi ndani. Tundu lililokwisha haribika hupandishwa hadi M4, au hukatwa upya na kuwekewa koili ya waya wa chuma, ambayo kwenye alumini hutoa hesi imara kuliko ya mwanzo.

Ikiwa hesi zilizoharibika ni za mwanzoni tu, na za ndani ni nzima, skrubu iliingizwa kwa upogo. Kinga yake ni rahisi: iweke skrubu, izungushe kwanza kinyume kwa vidole mpaka uhisi inadondoka kidogo kwenye njia yake, halafu ndipo uanze kukaza.

Tapu ikikatikia ndani ya tundu ni msiba mwingine. Lakini skrubu ya chuma cha kawaida au biti nyembamba iliyokatikia ndani ya shaba njano ina dawa ya zamani ya mafundi saa: shabu (alum, ile ya kusafishia maji). Yeyusha shabu kwenye maji ya moto mpaka maji yasipokee zaidi, zamisha kipande kwenye chombo cha kioo, na udumishe joto chini kidogo ya kuchemka. Utaona viputo vidogo vikipanda kutoka kwenye chuma peke yake. Baada ya saa kadhaa, au siku nzima kwa kipande kinene, chuma kinakuwa uji mweusi unaotoka kwa sindano, na shaba inabaki nzima. Ondoa kwanza sehemu zote za chuma unazozipenda, maana shabu haichagui. Kwa stenlesi njia hii ni kupoteza muda.

Nati ya stenlesi iliyogoma katikati ya bolti ya stenlesi haijaliwa na kutu. Nyuso mbili zimesuguana kavu, utando wao wa kinga umechanika, na metali zimeshikana zenyewe. Ukiendelea kulazimisha unaziunganisha zaidi. Mara nyingi hakuna la kufanya ila kukata. Wakati ujao paka grisi ya kuzuia kushikana, na ukaze polepole kwa mkono badala ya mashine, kwani mwendo wa kasi ndio unaoleta joto.

Kichwa cha nyota kilicholika, hatimaye, si lazima kitokane na mkono mzito. Kuna nyota ya Phillips na kuna nyota ya Pozidriv, na hazipatani. Ya Pozidriv ina mistari minne myembamba kati ya mikono ya msalaba. Bisibisi ya Phillips huingia humo bila shida, ikacheza, ikapanda juu na kukwangua.

Lehemu inakataa kushika

Hapa ndipo wengi huchoka, na ndipo dalili zinapokuwa wazi kuliko kwingine kokote, mradi utazame wakati lehemu bado inayeyuka.

Lehemu ikijikunja na kusimama kama tone la maji juu ya jani la mgomba, uso chini yake ni mchafu au ni baridi. Tofautisha hivi: gusa metali yenyewe kwa waya wa lehemu, mbali na moto. Waya ukiyeyuka na bado ukajikunja, ni uchafu. Usipoyeyuka, metali haijafika joto, na lile tone liliyeyushwa na chuma cha kulehemia au na mwali, si na kazi yako. Lehemu hufuata joto. Kwa hiyo moto uende kwenye kipande kizito zaidi kwanza, na kile chembamba kipate joto mwishoni. Anayepasha waya mwembamba uliosimama juu ya bamba nene ataona lehemu yote ikipanda waya na kuacha bamba kavu.

Joto linalohitajika linategemea unachoyeyusha. Mchanganyiko wa stani 63 na risasi 37 huyeyuka wote kwa pamoja kwenye nyuzi 183. Ule wa 60 kwa 40 huanza papo hapo lakini hupitia hali ya uji kabla ya kuwa maji kamili karibu na 190. Lehemu zisizo na risasi huhitaji kati ya 217 na 227. Ile hali ya uji ndiyo inayozaa dalili nyingine: kiungo chenye uso wa chembechembe, kilichofifia, kinachovunjika kwa kidole. Kipande kilisogea lehemu ikiwa bado inaganda. Kwa lehemu isiyo na risasi usihukumu kwa mng'aro pekee, maana hata kiungo kizuri huweza kuganda kikiwa na uso uliofifia.

Lehemu ngumu ya fedha ni mambo ya juu ya nyuzi 450, kwa kawaida kati ya 600 na 800. Hapa mwanya ndio unaoamua. Lehemu huvutwa yenyewe ndani ya nafasi ya milimita 0.05 hadi 0.15, ikizidi hapo mvuto unapungua na lehemu inakaa ukingoni. Ukikuta lehemu imeunda kilima kizuri nje lakini ukikata ndani ni pakavu, kuongeza lehemu hakutasaidia. Tengeneza upya mkutano wa vipande kwa tupa, uvishike juu kwenye dirisha, na uendelee mpaka mwanga usipite kati yao, au upite kidogo sana na sawasawa.

Flaksi (dawa inayopakwa ili metali ibaki safi wakati wa kulehemu) ya boraksi hufanya kazi kama kipimo cha joto kwa anayeitazama. Kwanza maji hutoka, kisha inavimba nyeupe na kuruka, na mara nyingi husogeza vipande vidogo kutoka mahali pake. Baadaye inatulia, inalala, na inakuwa angavu kama kioo kilichoyeyuka. Hapo ndipo lehemu inakaribia kukimbia. Ikibadilika kuwa nyeusi na kavu, umechelewa: flaksi imechoka, metali imeungua chini yake, na lehemu haitapita tena hata ukipandisha moto. Acha ipoe, chovya kwenye asidi, safisha na uanze upya. Anayepandisha moto kwa hasira atapata shaba njano yenye vitundu kama sifongo, kwa sababu zinki iliyomo inachemka na kuondoka. Moshi mweupe wa zinki huleta homa na kutetemeka saa kadhaa baadaye. Lehemu za zamani za fedha zenye kadimiamu ni hatari zaidi ya hapo. Ukikuta fimbo isiyo na maandishi, usiitumie.

Ukiunganisha mara ya pili na kiungo cha kwanza kikaachia, ulitumia lehemu ileile mara zote mbili. Anza na inayoyeyuka juu, malizia na inayoyeyuka chini, na funga kazi kwa waya wa chuma usioshika lehemu. Waya huo uondoe kabla ya kutumbukiza kazi kwenye asidi ya kusafishia. Ukiusahau, kazi yako ya fedha inatoka na rangi ya shaba nyekundu, kwa sababu shaba iliyoyeyuka kwenye asidi hukimbilia huko.

Alumini hukataa lehemu ya kawaida hata ukiisafisha mpaka ing'ae. Utando wake wa oksidi hujirudia papo hapo hewani, na huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2000 wakati metali yenyewe imeshamwagika saa nyingi. Zipo lehemu na flaksi zake maalumu, ila kwa sehemu ndogo mimi huchagua ribiti au gundi.

Rangi ya kijani au unga mweupe kuzunguka kiungo siku chache baada ya kazi ni mabaki ya flaksi ya asidi. Osha kwa maji ya moto yenye soda ya kuokea, sugua kwa brashi, suuza, kausha. Flaksi hiyo haifai kabisa kwenye nyaya za umeme.

Gundi ya epoksi imebanduka

Ikiwa gundi imebaki upande mmoja tu, upande ule mwingine haukuandaliwa. Sugua kwa msasa, futa kwa asetoni, kisha jaribu kwa maji: tone likienea na kubaki utando mmoja usiokatika, uso uko tayari, likijikusanya, bado kuna mafuta. Kausha na ugundishe siku hiyohiyo, bila kugusa kwa vidole. Ikiwa gundi imebaki pande zote mbili lakini ni laini na inanata, vipimo vya sehemu mbili za gundi zinazochanganywa havikuwa sawa au hukuchanganya mpaka pembeni. Na ikiwa imepasuka ngumu na safi katikati, kiungo kilikuwa kinafunguliwa kama gamba la ndizi, kuanzia ukingo. Gundi hustahimili kuteleza, haistahimili kumenywa. Ongeza upana wa kulaliana au tia ribiti moja ukingoni.

Gundi ya papo hapo kwenye metali ni ya kushikilia wakati wa kutoboa. Pigo dogo au joto huiachisha.

Pini imechomoka

Pini ya kusukumiwa ya milimita 6 inazidi tundu lake kwa sehemu za elfu za milimita, hadi takriban 0.02. Biti ya kawaida haitoi tundu la usahihi huo. Toboa 5.8, kisha malizia kwa rima (kifaa cha kusawazisha tundu kwa kipimo kamili). Ikiwa pini imetoka na mikwaruzo upande mmoja tu, tundu si duara au pini iliingia kwa kuinama. Kupasha alumini nyuzi 150 hulipanua tundu la milimita 6 kwa takriban 0.02, na pini inaingia kwa kidole. Pini ya springi ni tofauti: tundu lake hutobolewa kwa kipimo kilekile kilichoandikwa kwenye pini, kwa kuwa pini yenyewe imetengenezwa kubwa zaidi.

Kiungo kilikuwa kizima, kikaliwa polepole

Unga mweupe kuzunguka skrubu ya shaba njano iliyofungwa kwenye alumini ni alumini inayoliwa. Metali mbili tofauti zikiwa na unyevu kati yao, ile dhaifu huliwa, na kasi inategemea ukubwa wa kila moja. Ribiti ndogo ya alumini kwenye bamba kubwa la shaba au stenlesi huisha haraka, maana bamba lote linaila ribiti peke yake. Skrubu ndogo ya stenlesi kwenye bamba kubwa la alumini huweza kudumu miaka mahali pakavu. Kwa hiyo kiungio kiwe metali ileile ya bamba, au ile isiyoliwa kwa urahisi, na chini ya kichwa weka washa ya nailoni au rangi iliyokauka vizuri. Ukipaka rangi metali moja tu, paka ile kubwa isiyoliwa. Ukiipaka ile dhaifu na rangi ikachubuka mahali padogo, ulaji wote unahamia kwenye kidonda hicho.